Nilisema Mmoja, Ukasema Wawili

Muhonja, mwanangu wa kwanza na wa mwisho,

Umeenda kwa Senje kuaga na mvua ya alasiri imekushika huko huko. Naisikia juu ya mabati. Najua dada ya baba yako hatakuachilia kabla hujala, ukila utaombewa, ukiombewa utalia, kwa hivyo nina nafasi. Nimekaa mezani pale unaposomeanga, nimesukuma vitabu vyako kando. Sanduku lako liko karibu na mlango. Nikimaliza nitaiweka barua hii juu yake uisome leo, usiende nayo Nairobi ukaisomee huko. Nataka uisome mimi nikiwa chumba cha pili, ukikohoa nisikie.

Sitakuandikia habari za sweta wala za kuchemsha maji wala za kushika mkoba mbele ukiwa mjini. Hayo Senje anakuambia sasa hivi, na amekuambia tangu jana, na kesho atakimbia nyuma ya gari akikuambia tena. Mimi nina jambo moja tu, na unalijua.

Jumapili tukitoka kanisani uliniuliza, "Mama, Imali anaweza kuja kunisindikiza?" Nikakujibu, "Sufuria inaungua." Tulikuwa bado barabarani, Muhonja. Nyumbani hata moto haukuwa umewashwa. Zamani ungenicheka mpaka ukae chini. Safari hii ulisema tu, "Sawa, Mama," ukaendelea kutembea, na nikaona mgongo wako ni wa mtu mzima.

Kwa hivyo hii barua ni jibu. Limechelewa kwa sababu lilikuwa na mahali pengi pa kupitia.

Nimeandika jina lake hapo juu kwa mara ya kwanza, na kalamu ilisimama kidogo. Imali. Binti wa baba yako, wa kule Shianda. Miezi hii yote nimekuwa nikisema "yule mtoto," na mama yake nikimwita "yule wa Shianda," na wewe umekuwa ukiniitikia kwa adabu kana kwamba hayo ndiyo majina waliyobatizwa.

Jina hilo nililitaka mimi. Hili sijawahi kukuambia. Ulipozaliwa nilimwambia baba yako, "Tumwite Imali, jina la mama yako." Akaniambia kwao jina la mtu halipewi mtoto na mwenyewe bado anapika. Nikaona ni haki. Ukaitwa Muhonja kwa sababu nilikuwa nimeugua sana na wewe tumboni, kisha nikapona. Kukhu wako, mama ya baba yako, alipofariki nikajua sasa jina liko wazi, nikaanza kungoja msichana wa pili. Zile mimba mbili zilizoharibika, ulikuwa mdogo, lakini wewe ndiye uliyekuwa ukiniletea maji ya kunywa kitandani. Zote mbili nilikuwa nimeshaziita Imali moyoni kabla hata tumbo halijaonekana. Baba yako alijua. Alikuwa akikaa pale ukingoni mwa kitanda, ananishika mguu, ananiambia, "Ngoja tu, Mama Muhonja. Imali atakuja."

Akaja. Lakini hakuja kwangu.

Siku ile ya kunyolewa ulikuwepo, lakini hukuwa umekaa mahali nilipokaa. Acha nikuambie ilivyoonekana kutoka pale chini.

Ilikuwa siku ya tatu baada ya kumzika baba yako. Unajua hapa kwetu anayenyolewa siku hiyo ni mtu wa marehemu kweli kweli: mjane kwanza, kisha watoto kwa vile walivyozaliwa, kisha ndugu. Hakuna anayeuliza cheti. Kichwa chako kikilowa maji ya beseni ile, wewe ni wa boma hili mpaka ufe. Wembe alikuwa nao Senje. Alikuwa amemaliza upande wangu wa kushoto, amefika juu ya sikio, ndipo mzee wa ukoo akauliza vile huulizwanga, "Watoto wa marehemu ni wangapi? Waje karibu."

Nikasema, "Mmoja."

Ukasema, "Wawili."

Hukupaza sauti. Ulisema kama mtu anayemrekebisha muuza nyanya. Baba yako mdogo akacheka, "Ai, Muhonja! Na ile A ya hesabu uliokota wapi, sokoni?" Watu wakacheka, maana kwenye matanga mtu hutafuta pa kuchekea. Wewe hukucheka. Ulipita katikati ya viti mpaka kwenye ua, pale penye miti ya lusiola, alipokuwa amesimama mwanamke mmoja mwenye leso ya kijani. Mimi nilidhani ni mmoja wa akina mama wa kanisa waliotoka mbali. Asubuhi nilikuwa nimemtumia chai, Muhonja. Chai na mkate. Nilimwambia msichana wa jirani, mpelekee yule mama, anaonekana amechoka na safari.

Ukanyoosha mkono ukasema, "Njoo, Imali."

Hivyo ndivyo nilivyojua. Hakuna aliyeniambia. Nilisikia jina nililokuwa nimeliweka mahali pangu pa siri likiitwa na mtoto wangu, tena kwa sauti ya mtu ambaye ameliita mara nyingi. Na yule mtoto hakuja akitembea. Alikuja akikimbia. Mtoto wa miaka sita hamkimbilii mgeni.

Nilitaka kusimama. Lakini mtu hasimami na nusu kichwa. Senje akanibonyeza bega, akaninong'oneza kama wifi kwa wifi, "Kaa, mulamwa. Kaa tumalize hii kwanza." Nikakaa. Maji ya beseni yakaniteremkia machoni na watu wakadhani nalia. Sikuwa nalia. Nilikuwa nafikiria ile chai.

Mzee akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi, akakuangalia wewe. Akasema, "Kichwa kikinyolewa hapa hakinyolewi tena boma lingine. Una hakika?" Ukamjibu kwa heshima ya babu, "Nina hakika, kuka." Hakuniuliza mimi. Ukakaa, ukampakata, ukainamisha kichwa chako na chake. Nywele zake zilipoanguka nikaona kisogo cha baba yako. Nikaona na zile sehemu mbili ambapo nywele huzunguka, kama maji yanayoingia shimoni. Watu wengi huwa na moja. Baba yako alikuwa nazo mbili, nawe unazo mbili. Kazi yangu ni vichwa, Muhonja. Nimesuka nusu ya wasichana wanaokodi vyumba Shirere. Ningeweza kubishana na mama yake, na mzee, hata na wewe. Na kile kichwa ningebishana vipi?

Jioni ulinifuata jikoni. Ulisema, "Mama, sheria inasema mtoto ni mtoto." Hata chuo hakikuwa kimekuita bado, lakini ulikuwa umeshaanza. Nikakuuliza, "Sheria ndiyo ilikunyonyesha?" Kisha nikauliza lile lenyewe.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu nikiwa darasa la saba."

"Na miaka hiyo yote, mimi nilikuuliza mara ngapi baba yako anafanya nini Shianda?"

"Mara nyingi, Mama." Ulikuwa umeshika kile kichwa chako kipya kwa mikono yote miwili. "Lakini hukuwahi kuniuliza ukinitazama."

Hapo ndipo nilipoacha kuongea na wewe. Watu hawajui, kwa sababu tumeendelea kuambiana chai iko tayari, mbuzi amekata kamba, stima zimerudi. Lakini wewe unajua, na mimi najua. Na kuna lile lingine. Nywele zako zilirudi, zikafika za kushikika, ukaja ukakaa kwenye kile kigoda mbele yangu na kitana mkononi kama ulivyokuwa ukifanya tangu uko na meno mawili. Nikakuambia mkono unaniuma. Kesho yake ukapita saluni ukanikuta nasuka msichana wa watu, nacheka naye. Ulisimama mlangoni kidogo. Kisha ukasema umekuja kuchukua ufunguo.

Nisikudanganye kwamba najuta kila kitu. Nimeumia, na bado naumia ninapoandika. Mume kunidanganya ni jambo moja. Wanawake wengi wamelizoea, wanaliimba hata kwenye harusi. Lakini mimi na wewe tulikuwa wawili. Nilikuzaa nikiwa msichana wa kidato cha pili, sare yangu ya shule ndiyo nilikata nikakushonea nguo ya kwanza. Wakati wengine wana rafiki wa shule, mimi rafiki yangu ulikuwa wewe. Nilijifunza kusoma Kiingereza cha gazeti kwa kukusikiliza ukifanya kazi ya nyumbani. Tulilala kitanda kimoja kila Jumamosi baba yako akiwa huko na trekta lake la miwa. Tulikuwa tunamngoja pamoja. Hiyo ndiyo inaniumaga: nilidhani tunangoja pamoja, kumbe mimi nangoja na wewe unajua.

Unakumbuka alivyokuwa akija Jumapili? "Trekta ililala kiwandani, foleni ilikuwa ndefu." Kisha anatoa muwa kutoka nyuma ya baiskeli, anaketi mlangoni, ananimenyea mwenyewe, anakata vipande vidogo kama vya mgonjwa. Nilijivuna na muwa huo! Nilikuwa nikiwaambia wateja, mume wangu huendesha miwa ya watu wiki nzima na bado hunichagulia wangu. Wanawake walikuwa wakiniitikia, "Una bahati, Mama Muhonja." Sasa naogopa kufikiria ni wangapi kati yao walikuwa wakijua, na shingo zao ziko mikononi mwangu.

Aliumwa na kichwa asubuhi, jioni akawa hasemi, na hospitali ya misheni pale Mukumu walijaribu walivyoweza. Akaenda bila kuniambia neno. Kumkasirikia mtu aliye chini ya udongo ni kazi isiyoisha, maana hajibu. Wewe unajibu. Wewe unapita hapa na pale na kichwa chake. Kwa hivyo deni lake nimekuwa nikikudai wewe, na hili nimeliona juzi tu, nikisuka.

Acha nikuambie la sweta, kisha nitakuja kwa la juzi.

Ulikuwa darasa la saba, likizo ya Agosti. Baba yako alikuwa ameanza kulala huko hata siku za katikati ya wiki. Nikamwambia, enda na Muhonja, akusaidie kufua, huko unakaa kama mbwa. Akasitasita. Nikasisitiza. Wewe ukafurahi, ulitaka kupanda trekta. Mimi sikuwa nikitaka ufue nguo ya mtu. Nilitaka macho yako. Nilikuwa naogopa kwenda mwenyewe, nikatuma mtoto.

Mkarudi Jumapili. Nikakuuliza, "Mlikula wapi?" Ukasema, "Hotelini." "Mlikula nini?" "Obusuma na samaki." Nilikuwa nimeinama juu ya sufuria, nikasema ugali na samaki ni vizuri, nikaendelea kukoroga. Kisha nikachukua sweta yako nikaifue, na begani ilikuwa inanuka mafuta ya mtoto mchanga. Yale ya kupaka mtoto baada ya kumwogesha. Mimi nauza mafuta ya kila aina, harufu hiyo haiwezi kunipotea. Mtu alikuwa amekupa mtoto umbebe, na mtoto akalalia bega lako.

Nikaifua. Ikakauka, nikainusa, nikaifua tena. Kisha nikaikunja nikaiweka kabatini, na sikukuuliza tena kwa wiki nyingi. Na nilipokuuliza tena nilikuuliza nikichuja chai, nikipepeta maharagwe, nikisuka kichwa cha mtu. Ulisema kweli. Nilikuuliza kama mtu anayebisha hodi huku amekwisha geuka kuondoka.

Sasa unaona tulivyo. Baba yako alikuambia unyamaze. Mimi nilikuomba unyamaze bila kufungua mdomo. Na wewe ulikuwa na miaka kumi na tatu.

Lakini usifikiri nimekwisha kukupa haki yote. Bado. Ngoja.

Juzi alikuja saluni yule binti wa jirani ya Senje, anayesoma sheria mwaka wa tatu, yuko likizo. Alitaka kusukwa mistari. Nikamwambia wangu pia ameitwa sheria, anaenda wiki hii. Akafurahi, akaanza kunieleza mambo. Nikamuuliza, "Kwani huko mnafundishwa nini hasa?"

Akasema, "Mama, ugomvi. Tunasoma tu ugomvi wa watu waliokufa zamani. Huyu alisema hivi, yule akakana, jaji akasema nini na kwa nini."

"Hiyo si mngebaki tu Kakamega?"

Akacheka mpaka mstari ukanipotea. Kisha akasema jambo ambalo limekaa na mimi. Akasema wakili akishapewa siri na mtu wake hawezi kuitoa, hata akiulizwa na nani.

Nikamuuliza, "Hata mke wa huyo mtu akiuliza?"

"Hata mke, Mama."

"Hata akilia?"

"Hata akilia. Ndiyo kazi."

Nikamwambia, "Basi mimi nina mtoto aliyeanza kazi kabla ya kusoma."

Hakuelewa, akadhani nakusifu. Akasema, "Huyo atafika mbali." Nikaendelea kusuka. Mikono yangu ilikuwa inasuka na kichwa changu kinasema: baba yako alikuwa na wakili ndani ya nyumba hii. Miaka sita. Nani alimlisha? Nani alimlipia karo, nani aliamka alfajiri kumchemshia uji? Mimi. Na mimi sikuwa na wakili. Siku ya tatu, mbele ya ukoo wote, yule mtoto pia akapata wakili, akasimamishiwa, akashikwa mkono. Tena ni huyo huyo. Kila mtu katika kesi hii alisemewa na Muhonja, isipokuwa mama yake.

Hapo ndipo nilipoelewa kinachoniuma. Kusema wawili hakukuwa kosa. Walikuwa wawili. Nimeona kichwa, sitaki kubishana tena. Kinachoniuma ni kwamba ulikuwa na usiku wa mazishi, na usiku wa pili, tulilala kitanda kimoja, mkono wako juu yangu, na ulijua yule mama atakuja na mtoto. Ungenigusa tu. Ungesema, "Mama, kesho nitasema jambo." Ningelia, ningekupiga pengine, sijui. Lakini asubuhi ningekaa kwenye kile kiti nikijua. Nisingesema "mmoja" mbele ya watu nikiwa na nusu kichwa. Nisingempelekea chai.

Ukweli ulikuwa ndani ya nyumba miaka sita, na mimi niliupokea uani pamoja na wageni.

Sikuandikii hili ili ulie. Nakuandikia kwa sababu unaenda kusomea kushika ukweli wa watu, na mimi sijui sheria, ila najua hili moja kwa kuwa lilinipata. Siku moja utakuwa na ofisi, pengine hata hapa Kakamega, ghorofani. Atakuja mwanamke kama mimi, kiatu kimelowa matope, ataketi mbele yako aanze kukuuliza huku akiangalia mkoba wake, akiangalia dirishani, akifunga na kufungua kifungo. Atakuuliza kama hataki kujibiwa. Usimwambie ndiyo kwa sababu anataka ndiyo. Na usingoje mpaka mbele ya jaji na watu wote ndipo asikie. Zunguka meza. Kaa upande wake. Mwambie aweke mkoba chini. Mtu akiambiwa jambo baya mlangoni kwake asubuhi, ana nafasi ya kujifunga leso vizuri kabla ya kutoka nje.

Mimi ningependa kukuambia kwamba nilijifunza kutazama watu. Bado najifunza. Nimemtazama baba yako miaka kumi na tisa akimenya muwa, nikatazama kisu na sikutazama uso. Mama yangu mwenyewe aliponiuliza nani amenipa mimba aliuliza akiwa amenipa mgongo, anafagia. Pengine ni ugonjwa wa nyumba yetu. Nataka uishie kwangu.

Mvua inapungua. Nimesikia Senje akikuita urudi uchukue ndizi. Huyo mama atakubebesha shamba lote.

Kuna jambo lingine, nalo ndilo lililonileta mezani hapa. Jumatano nilikuwa nimeenda Shianda. Usishtuke. Nilikuambia naenda kununua nywele za kusukia, na kweli nilinunua. Lakini nilikaa sokoni kando ya muuza viazi, kwa kuwa Senje aliniambia yule wa Shianda huuza mboga hapo siku ya soko. Sikujua nitafanya nini. Nilikuwa nimebeba maneno mengi, mengine hata Kiswahili hayana.

Nikamwona mtoto kabla ya mama yake. Alikuwa amekaa juu ya gunia anakula muwa. Hakuna wa kummenyea. Baba yake hayupo, amejifunza kumenya kwa meno. Nikaangalia nywele zake. Hakuna aliyezigusa tangu siku ile. Zimerudi, zimesimama, zimefika urefu wa kidole gumba. Nikaweka mkono kichwani mwangu, chini ya kitambaa. Kidole gumba. Nikafikiria zako, ninavyozionanga ukipita. Kidole gumba.

Wembe ulitupita siku moja, Muhonja. Nywele hazijui nani ni wa nani. Zimekuwa zikirudi pamoja miezi hii yote, yeye huko, sisi hapa, hatuongei, na zinalingana.

Sikumsalimia. Sikuwa tayari. Nilipanda pikipiki nikarudi, na njia nzima nilikuwa nikiwaza kwamba mtoto huyo ana vichwa viwili tu duniani vinavyofanana na chake, kimoja kimezikwa na kingine kinapanda gari kesho.

Basi hili ndilo jibu la ile sufuria.

Ukimaliza kusoma njoo chumba cha pili. Usilie kwanza, njoo. Kaa mbele yangu, unielekee. Nitakuuliza jambo moja nikikutazama: huko Shianda, miaka yote hiyo, baba yako aliwahi kutaja jina langu? Unijibu vile ilivyo. Ikiwa hakulitaja, sema hakulitaja. Sitaangalia sufuria. Sijui kama nitakuwa nimekusamehe baada ya hapo, na sitakuambia nimekusamehe ili usafiri vizuri. Kusamehe kwangu kunakuja polepole kama hizi nywele, na wewe utaenda nako kukiwa kufupi hivyo hivyo. Lakini nitakuwa nimekuuliza, na wewe utakuwa umenisemea mimi, mara moja, kabla hujaanza kusemea watu wa Kenya yote.

Kisha piga simu Shianda. Mwambie yule mama amlete Imali kesho asubuhi mapema, kabla gari lako halijafika. Nimeshatoa vigoda viwili, viko hapa ukutani. Nitaanza na wewe, kwa kuwa ndiwe mkubwa na ndivyo watoto huketi, kwa vile walivyozaliwa. Yeye atangoja akishika kitana. Nitawasuka mistari ile ile.

Mama yake amfikishe barabarani tu, penye lusiola. Asiingie, bado sijafika huko. Ila mwambie kama kutakuwa na baridi, nitamtumia chai.

Mama yako